Metronomu ya simu kwa vyombo vya kidijitali: Ableton Link, saa ya MIDI au mapigo ya waya?

Mtu anayeingia kwenye duka la programu za simu na kutafuta metronomu hukutana na orodha ndefu ya programu zinazofanana kwa sura: namba kubwa katikati, kitufe cha kuanzisha, na vitone vinavyowaka kimoja baada ya kingine. Kwa anayefanya mazoezi ya gita peke yake chumbani, karibu yoyote kati ya hizo inamtosha, tena bila kulipia. Hali hubadilika pale metronomu inapotakiwa kwenda sambamba na vyombo vingine vya kidijitali: kinanda chenye staili zake (midundo inayojipiga yenyewe), mashine ya ngoma, kompyuta yenye programu za kutengeneza muziki kama FL Studio au Ableton Live, au simu ya mwenzako iliyojazwa sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa. Hapo swali la msingi si tena programu ipi ina mlio mzuri, bali ni ipi inayotuma mapigo kwa njia ambayo vyombo vyako vinaweza kuipokea.

Njia zinazotumika leo ni tatu: Ableton Link, inayopita kwenye mtandao wa Wi-Fi; saa ya MIDI (lugha ambayo vyombo vya muziki vya kidijitali huwasiliana nayo), inayopita kwenye waya au Bluetooth; na mapigo ya umeme yanayotoka kwenye tundu la hedifoni. Ninaamini kwa dhati kwamba mwanamuziki anapaswa kwanza kuangalia nyuma ya vyombo vyake, aone vina matundu gani na menyu zake zina mipangilio gani, ndipo aende dukani. Wanaoanzia dukani huishia na programu nzuri isiyo na la kufanya mbele ya kinanda chao.

Je, kuna haja ya kuunganisha?

Wengi hudhani kwamba metronomu mbili zisizounganishwa, zote zikiwa zimewekwa kwenye mapigo 120 kwa dakika, zitaachana baada ya muda mfupi. Kwa programu zilizotengenezwa vizuri, si hivyo. Kila chombo cha kidijitali kina fuwele inayohesabu muda, na fuwele mbili hutofautiana kwa kiasi kidogo sana. Tukichukua tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, vyombo viwili vitaachana kwa milisekunde 3 kila dakika, yaani milisekunde 12 katika wimbo wa dakika 4, na huo ni takriban muda ambao sauti yenyewe hutumia kusafiri mita nne hewani. Hakuna msikilizaji atakayelalamika.

Kinachoharibu kazi ni mwanzo. Watu wawili wakibonyeza vitufe viwili kwa kuhesabiana, kila mmoja atakuwa na kosa lake, na kosa hilo litabaki hadi mwisho wa wimbo. Kinachofuata ni mabadiliko ya kasi: kiongozi wa kwaya akitaka ubeti wa mwisho upungue kutoka 96 hadi 88, vyombo visivyounganishwa haviwezi kumfuata pamoja. Halafu kuna vinanda vinavyopokea namba kamili tu, ilhali wimbo ulirekodiwa kwa mapigo 92 na nusu.

Kwa hiyo, bendi yenye kinanda kimoja na mpiga dramu mmoja, inayopiga nyimbo zisizobadilika kasi, haihitaji programu yoyote kati ya tutakazozitaja. Mpiga dramu avae hedifoni za waya zilizochomekwa kwenye mashine ya kuchanganya sauti (mixer), asikie metronomu ya kinanda chenyewe, na shughuli imekwisha. Uunganishaji unaanza kuwa na maana vyombo vinavyojiendesha vinapofika viwili au zaidi.

Ableton Link: makubaliano bila kiongozi

Link ilitolewa na kampuni ya Ableton ya Berlin mwaka 2016, na mwaka huohuo msimbo wake ukafunguliwa ili watengenezaji wengine wautumie. Vifaa vyote vilivyo kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi hugunduana vyenyewe na kukubaliana mambo matatu: kasi, pigo lililopo sasa, na mahali pigo hilo lilipo ndani ya bari, yaani fungu moja la mapigo linalojirudia. Hakuna kifaa kinachoongoza. Anayejiunga baadaye huchukua kasi aliyoikuta na kuingia mahali panapostahili katika bari, na anayetoka hawavurugi waliobaki. Tangu Ableton Live 10 ilipotoka mwaka 2018, vifaa vinaweza pia kukubaliana kuanza na kusimama pamoja, ingawa katika programu nyingi ni lazima uwashe chaguo hilo wewe mwenyewe.

Uzuri mkubwa wa Link uko mahali ambapo wengi hawapaangalii. Kila simu huchelewa kidogo kutoa sauti baada ya programu kuiagiza, na ucheleweshaji huo hutofautiana baina ya simu na simu. Link imeundwa ili kila programu ihesabu ucheleweshaji wa kifaa chake na kuufidia, kwa lengo la kwamba sauti zitoke kwenye spika kwa wakati mmoja, na si kwamba amri zitolewe kwa wakati mmoja. Ndiyo maana simu mbili zenye programu iliyotengenezwa kwa uangalifu husikika kama chombo kimoja, jambo ambalo saa ya MIDI peke yake haikuundwa kulifanya.

Programu zinazoifahamu Link ni nyingi. Metronomu ya Soundbrenner, inayopatikana kwa Android na iPhone, ni miongoni mwake, nayo ina faida ya ziada kwamba huongoza kifaa cha kuvaa mkononi kinachotetemeka kila pigo, hivyo mpiga dramu hahitaji kujaza masikio milio. Programu nyingine za muziki kama Koala Sampler, Korg Gadget na AUM zinaitumia. Kwenye kompyuta zipo Live, Logic Pro, Bitwig Studio na Traktor, na hata mashine za Akai MPC zinazojitegemea bila kompyuta huingia kwenye mtandao huo.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mtandao. Link haihitaji intaneti, lakini inahitaji vifaa viweze kuonana, na Wi-Fi ya hoteli au ya ukumbi mara nyingi hupangwa kwa makusudi isiruhusu simu ya mgeni mmoja kuiona ya mwingine. Kila kifaa kitaonyesha kwamba kimeunganishwa na mtandao, huku programu ikisema kwamba iko peke yake. Hotspoti ya simu mara nyingi hutosha, ila ruta ndogo mliyokuja nayo wenyewe, hata ikiwa haina kifurushi cha intaneti, ni ya kuaminika zaidi. Kwenye iPhone kuna kizuizi kingine: tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kila programu huomba ruhusa ya kuona vifaa vilivyo kwenye mtandao wa karibu, na aliyebonyeza kukataa siku ya kwanza bila kusoma atatafuta kosa kwenye ruta kwa muda mrefu, wakati kosa liko kwenye mipangilio ya faragha ya simu yake.

Udhaifu wa pili ni huohuo usawa wa vifaa. Yeyote anaweza kubadilisha kasi, na wote watafuata. Katika mazoezi ya watu watatu wanaotunga pamoja, hilo ni jambo zuri sana. Mbele ya hadhira, kidole kimoja kilichogusa namba kwa bahati mbaya kinaweza kuipeleka bendi nzima kutoka 100 hadi 140 katikati ya kiitikio. Kwa sababu hiyo ningeichagua Link kwa chumba cha mazoezi na studio bila kusita, lakini kwa jukwaa ningetaka kwanza programu yenye uwezo wa kufunga namba ya kasi isiguswe.

Saa ya MIDI: mkongwe anayeeleweka na kila chombo

MIDI ilizaliwa mwaka 1983 kwa makubaliano ya watengenezaji wa Japani na Marekani, na mpaka leo ndiyo lugha pekee ambayo kinanda cha kanisani, mashine ya ngoma ya miaka ya tisini na simu ya mwaka huu vyote vinaielewa. Saa yake ni rahisi mno: chombo kinachoongoza hutuma alama 24 kwa kila krocheti (noti ya pigo moja katika mwendo wa nne kwa nne), pamoja na amri za kuanza, kuendelea na kusimama. Namba ya kasi haitumwi kabisa. Chombo kinachofuata hupima nafasi kati ya alama na alama, kisha kinakadiria chenyewe, ndiyo maana skrini ya kinanda inaweza kucheza kati ya 119 na 121 wakati simu imetulia kwenye 120. Hiyo si hitilafu.

Kwa sababu alama hizo huhesabu krocheti tu, saa ya MIDI haijui wimbo uko katika mwendo gani, na jambo hili linawagusa moja kwa moja wanaopiga muziki wa pwani. Chukua wimbo wa chakacha wenye mwendo wa sita kwa nane, ambao mwalimu anauhesabu kwa mapigo mawili kwa bari, kila pigo likiwa krocheti yenye nukta (krocheti moja na nusu), kwa kasi ya 80. Kwa hesabu ya MIDI kasi hiyo ni krocheti 120 kwa dakika, maana krocheti yenye nukta hubeba alama 36 badala ya 24. Metronomu iliyotengenezwa vizuri hulijua hilo na hutuma 120. Metronomu iliyotengenezwa na mtu ambaye hakuwaza zaidi ya nne kwa nne itatuma 80 kama ilivyoandikwa kwenye skrini, na staili ya kinanda itajikokota kwa theluthi mbili ya kasi inayotakiwa. Kabla ya kulipia programu yoyote, jaribu sita kwa nane. Ni kipimo kizuri cha kama mtengenezaji wake anaujua muziki. Katika Link nako suala hilo lipo kwa sura nyingine: urefu wa bari usipowekwa sawa kwenye kila kifaa, kasi italingana lakini pigo la kwanza la mmoja litaangukia pigo la pili la mwingine.

Kwa upande wa kinanda, kuna mpangilio mmoja ambao huwasumbua wengi. Vinanda vingi vya Yamaha vya familia ya PSR-E vina chaguo la saa ya nje katika menyu ya kazi. Likizimwa, kinanda hupuuza alama za simu na kwenda kwa kasi yake. Likiwashwa, kinanda husubiri alama za simu, na zisipokuja, staili, nyimbo zilizohifadhiwa na hata metronomu yake mwenyewe havianzi. Mpiga kinanda akichomoa waya baada ya mazoezi na kusahau kuzima chaguo hilo, Jumapili asubuhi atabonyeza kitufe cha kuanzisha staili na kinanda kitakaa kimya, noti za mkono zikisikika vizuri kama kawaida. Vinanda vimewahi kupelekwa kwa fundi kwa jambo hili, na hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Swali linalofuata ni waya au Bluetooth, na hapa jibu langu ni waya, bila masharti. Kwenye waya wa kawaida wa MIDI, alama moja ya saa huchukua takriban theluthi moja ya milisekunde kupita. Bluetooth ya nishati ndogo, ambayo ndiyo hubeba MIDI bila waya, haitumi data mfululizo; hutuma kwa zamu, na zamu hizo haziwezi kukaribiana zaidi ya milisekunde 7.5, huku mara nyingi zikiwa 11 au 15. Kwa kasi ya 120, alama za saa huja kila baada ya milisekunde 21 hivi, kwa hiyo zamu zinatosha, ingawa mapigo yatayumba kidogo. Kwa singeli, ambayo huvuka mapigo 200 kwa dakika bila shida, hesabu inakataa: kwa kasi ya 240 alama huja kila baada ya milisekunde 10.4, na zamu moja itabeba alama mbili kwa pamoja na inayofuata moja. Kiwango cha MIDI ya Bluetooth huweka muhuri wa muda kwenye kila ujumbe ili mpokeaji aweze kunyoosha mambo, lakini si kila mpokeaji anaujali muhuri huo.

Waya wa USB kutoka kwenye simu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Android inaitambua MIDI tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, na kinachohitajika ni kiunganishi cha OTG (kinachowezesha simu kupokea vifaa vya USB) na waya uleule wa USB unaotumika kuunganisha printa na kompyuta, kwa kuwa vinanda vingi vina tundu la aina hiyo nyuma. Kwa iPhone, kuanzia iPhone 15 tundu ni USB-C. Za kabla ya hapo zinahitaji kiunganishi cha kamera cha Apple. Hakikisha chaji ya simu imejaa kabla ya ibada au onyesho, maana tundu la kuchajia litakuwa limeshikwa na kazi nyingine.

Anayetumia FL Studio, kama ilivyo kwa maprodyuza wengi wa bongo fleva, aelewe kwamba kompyuta yake inaweza kuwa ndiyo inayoongoza: katika mipangilio ya MIDI ya FL Studio kuna chaguo la kutuma saa kuu kwenda kwenye vyombo vya nje. Katika mpangilio huo metronomu ya simu inapaswa kuwa mfuasi, na programu nyingi za metronomu zinajua kutuma saa lakini hazijui kuipokea. Soma maelezo ya programu kwa makini kuhusu jambo hilo moja, kwa sababu picha za skrini hazitakuambia.

Mapigo kwenye tundu la hedifoni

Njia ya tatu ni ya mashine ndogo kama Korg volca, zenye tundu la kuoanisha la milimita 3.5. Kinachopita humo ni mshindo mfupi wa umeme, mmoja kwa kila nusu ya krocheti, na mashine inasogea hatua mbili kila inapoupokea. Korg ina programu ya bure ya iPhone, SyncKontrol, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Njia hii ni nyepesi na haina menyu ya kukosea, ila sauti ya simu lazima ipandishwe hadi juu, na mlio wowote unaopita kwenye tundu hilo huhesabiwa kuwa pigo. Ujumbe wa WhatsApp ukiingia katikati ya wimbo, mashine itaruka hatua. Weka simu katika hali ya ndege kabla ya kuanza. Kwa kinanda cha staili njia hii haina msaada.

Hedifoni zisizo na waya

Ulinganisho wote huu hauna thamani kwa mtu anayesikiliza mapigo kupitia hedifoni za Bluetooth. Sauti ya Bluetooth huchelewa kwa kawaida kati ya milisekunde 100 na 200, na wakati mwingine zaidi. Kwa kasi ya 120, pigo zima ni milisekunde 500, kwa hiyo mpiga dramu anayeupokea mlio ukiwa umechelewa kwa 200 atapiga nyuma ya kinanda kwa karibu nusu ya pigo, naye ataapa kwamba yuko sahihi, na kwa masikio yake atakuwa sahihi kweli. Baadhi ya programu hukuruhusu kuuwahisha mlio kwa milisekunde unazotaka, na hilo linasaidia mazoezini. Jukwaani tumia waya.

Nani achague nini

Kwaya au bendi yenye kinanda cha staili pamoja na simu au kompyuta inayotoa nyimbo zilizorekodiwa ichague programu yenye saa ya MIDI kupitia USB, yenye orodha ya nyimbo na kasi zake zilizohifadhiwa, ili mtu asiandike namba gizani. Watu wawili watatu wanaotunga kwa simu na kompyuta wachague Link, na wasipoteze fedha kwa waya wowote. Aliye na vyombo vya aina zote mbili atafute programu moja inayoingia kwenye Link na wakati huohuo kutuma saa ya MIDI, kama AUM kwa watumiaji wa iPhone na iPad, na hapo simu inakuwa daraja: kompyuta upande mmoja bila waya, kinanda upande wa pili kwa waya. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio bora kuliko yote kwa studio ndogo ya nyumbani, na watumiaji wa Android wanaufikia kwa urahisi zaidi wakiiachia kompyuta kazi ya kutuma saa, simu ikabaki kwenye Link tu.

Chochote utakachochagua, kipime kabla ya kulipia, maana programu nyingi zina kipindi au sehemu ya bure. Weka simu na kinanda kwenye 120, vyote vikitoa mlio mfupi mkavu, uviweke umbali sawa kutoka kwenye simu ya tatu inayorekodi, kwa sababu kila mita ya ziada huongeza ucheleweshaji wa milisekunde 3 hivi. Rekodi dakika tano bila kugusa kitu, kisha ufungue rekodi hiyo kwenye kompyuta kwa programu kama Audacity na kukuza mawimbi mpaka uone milio miwili ikiwa imetengana. Pima nafasi hiyo katika dakika ya kwanza na tena katika dakika ya tano. Ikiwa ni ileile, mfano milisekunde 18 mwanzo na 18 mwisho, uunganishaji unafanya kazi na unachohitaji ni kuusogeza mlio kwa kiasi hicho katika mipangilio. Ikiwa inapanuka polepole, kinanda hakiifuati simu hata kidogo, na mara nyingi ni lile chaguo la saa ya nje ambalo halijawashwa. Ikiwa inapanuka na kusinyaa bila mpangilio, kosa liko kwenye Bluetooth au kwenye programu yenyewe. Rudia kipimo kwa waya, na mtikisiko usipoisha, futa programu hiyo na ujaribu nyingine.